Katekista Aliyeshindwa Kumtaja Mwenyekiti

Wasomaji, kabla ya yote naomba mnivumilie kwa mwandiko wangu. Herufi zangu huanza mstari zimesimama, na kufika mwisho zimelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Mahali pa r mara nyingine naandika l, nanyi mtaisoma mnavyoona inafaa. Nimeishia darasa la saba, na naandika polepole, kwa hiyo hata makosa nimeyaandika kwa bidii. Kusema mbele za watu siwezi. Kwenye kwaya naimba sauti ya pili, mstari wa nyuma, nyuma ya mama mmoja mnene, na kutoka pale huonekani ila unaona kila kitu.

Nataka kuwaeleza habari za Katekista wetu. Jina lake siliandiki, maana kwetu hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Katekista. Alizaliwa wapi na ukoo wake ulitoka wapi, hayo waulizeni wazee. Mimi nilimkuta tayari ni Katekista, na kofia yake ya sufu tayari ina tundu.

Kigango chetu kiko huku juu, upande wa Matiri, mahali ambapo Padre hufika mara chache kwa sababu ya barabara. Jumapili nyingine zote Katekista ndiye aliyetuongoza ibada. Kila padre aliyewahi kuja alisema kwamba Katekista wetu anamcha Mungu sana, na kwamba serikali anaicha karibu vilevile. Alikuwa ameshika somo la Mtume Paulo kwamba mamlaka hutoka kwa Mungu, akalishika kama mtu anavyoshika kuku asimkimbie. Hakulilegeza hata kidogo.

Gari la serikali likipita, alivua kofia na kusimama kando ya barabara mpaka vumbi litue. Siku moja lilipita gari ambalo ndani yake mlikuwa na dereva na magunia ya viazi tu. Vijana wa kijiweni wakamcheka.

"Katekista, umevulia viazi kofia!"

"Nimevulia namba za gari," akasema. "Viazi havikuniona."

Mtendaji wa kijiji alipoletwa mpya, alikuwa kijana mdogo, ndevu zake ungeweza kuzihesabu bila kuchoka. Katekista akaenda ofisini, akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo." Mtendaji akaruka kwenye kiti kwa aibu, naye akasema, "Shikamoo, baba!" Wakatazamana. Shikamoo mbili zikaning'inia hewani, hakuna wa kuitikia. Mwisho Katekista akasema:

"Mwanangu, yangu nimekipa kiti. Wewe kaa, uitikie kwa niaba ya kiti. Halafu simama, unipe yako, nami nitaitika kwa niaba ya mvi."

Wakafanya hivyo. Mtendaji akakaa, akasema marahaba kwa sauti ndogo sana, akasimama, akaamkia, akaitikiwa. Wakaendelea hivyo kila asubuhi waliyokutana, mpaka kijana yule alipohamishwa, na tukasikia kwamba aliomba uhamisho mwenyewe.

Sifa zake zilifika mpaka ziwani. Mwaka mmoja parokia ilimtuma kwenye semina ya makatekista huko Nyasa, na kutoka kijiji kimoja hadi kingine yeye na wenzake wakapanda mtumbwi. Mtumbwi ulikuwa na watu, na matenga ya usipa mkavu, vile visamaki vya ziwani, na Katekista katikati akiwa ameshika kingo kwa mikono miwili, maana sisi wa milimani maji tumezoea yale ya kwenye mtungi. Mara boti ya serikali ikapita mbali, bendera ikipepea. Katekista akasimama.

Wenzake walisimulia kwamba mtumbwi uliinama upande huu, ukainama upande ule, tenga moja la usipa likarudi ziwani lilikotoka, na mpiga kasia, Mnyasa mwenye maneno, akapiga kelele:

"Kaa chini, we Mmatengo! Huku kwetu serikali tunaiheshimu tukiwa tumekaa!"

Katekista akakaa. Lakini kofia aliivua, akaishika kifuani, na maji yakimtiririka mpaka semina.

Msidhani alikuwa mtu wa kujipendekeza. Hapo ndipo wengi walimkosea. Serikali ilikataza kunywa pombe asubuhi, naye alipenda sana kangala, ile pombe yetu ya mahindi, na ikiiva asubuhi aliinywa asubuhi. Ila alikunywa akiwa amegeukia ukuta. Mkewe akamwuliza kwa nini anakunywa kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Kunywa nimeshindwa kuacha," akasema. "Lakini angalau nisiitazame serikali usoni."

Na viongozi walimwogopa kwa jambo moja: sala zake. Kila Jumapili, baada ya mahubiri, aliwaombea viongozi wote kwa majina, kutoka juu kwenda chini kama ngazi. Rais, mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, diwani, mtendaji, mwenyekiti wa kitongoji, na chini kabisa mabalozi wa nyumba kumi kumi. Alikuwa na fundisho lake kuhusu hayo majina. Alisema kumwombea kiongozi bila kumtaja jina ni kama kumtuma mtoto na chakula shambani bila kumwambia ni shamba la nani. Mtoto atatembea, atachoka, atampa wa kwanza atakayemkuta. "Na Mungu," alisema, "ana viongozi wengi wenye njaa."

Basi kuna wakati mabati ya zahanati yalipotea, na kila mtu alijua yamelala uani kwa kiongozi mmoja, ila hakuna aliyethubutu kusema. Jumapili ikafika. Katekista alipofika kwenye jina la yule kiongozi, akalitaja kwa heshima zote, na vyeo vyake vyote, kisha akaongeza: "Na mabati yaliyolala kwake, Bwana, uyaamshe." Sisi tukaitikia, "Ee Bwana, utusikie," kwa sauti ambayo sijaisikia tena kanisani kwetu. Jumatatu asubuhi mabati yalikuwa zahanati.

Yule kiongozi akaja kwa hasira. "Katekista, uliniombea au ulinishtaki?"

"Mheshimiwa, kwa Mungu ni dirisha moja tu," akajibu, akampa kigoda akae.

Tangu hapo kutajwa kanisani kukawa jambo kubwa. Aliyetajwa alijua kwamba kweli ni kiongozi. Na asiyetajwa, hata kama angekuwa na muhuri, watu walimwona kama mgeni aliyekaa kwenye kiti cha mwenyewe. Shikeni hilo, maana ndilo lililoleta matatizo.

Ikaja miaka ile ambayo kila kitu kilianza kuwa kingi. Zamani kahawa yetu ilikuwa na mnunuzi mmoja, tukimlalamikia sote kwa pamoja. Sasa wakaanza kuja wanunuzi wengi na malori yao, huyu anasema hivi, yule anasema vile. Vyama vya siasa navyo vikawa vingi. Katekista alituambia, "Tulikuwa na mnunuzi mmoja, chama kimoja na Mungu mmoja. Sasa amebaki Mungu peke yake, na tumwombee asichoke."

Uchaguzi wa vitongoji ulipofika, kitongoji chetu kikamchagua mtu wa chama kipya. Watu walishangaa, na waliompigia kura walishangaa zaidi. Jina lake ni Ditrami. Mimi naweza kuliandika kwa sababu si mkwe wangu.

Lakini alikuwa mkwe wa Katekista. Alikuwa amemwoa binti yake, Skolastika, mwaka uleule baada ya Pasaka. Na hapo ndipo Katekista aliponaswa. Kwetu mkwe hatajwi jina. Mkwe unampisha njiani, unamkwepa macho, unamheshimu mpaka mnachoka wote wawili. Baba mkwe hamtaji mume wa binti yake, na mume hamtaji baba mkwe. Unaweza kusema "baba fulani", kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na hiyo ni heshima nzuri kabisa. Ila Ditrami alikuwa bado hana mtoto wa kumwitia.

Jumapili ya kwanza baada ya uchaguzi kanisa lilijaa. Hata watu wa madhehebu mengine walisimama madirishani. Katekista akaanza ngazi yake. Akamtaja Rais, akashuka kwa mkuu wa mkoa, akashuka kwa mkuu wa wilaya, diwani, mtendaji. Kisha akafika kwenye mwenyekiti wa kitongoji, akasimama. Akafungua mdomo, akaufunga. Akakohoa. Akaruka, akatua kwenye mabalozi wa nyumba kumi kumi.

Hatukuitikia. Tulisahau.

Jioni ileile Mwenyekiti wa zamani, yule aliyeshindwa, alikwenda kwa Katekista na jogoo mwekundu.

"Chama kinakushukuru," akasema. "Umeonyesha msimamo."

"Msimamo gani?"

"Usijali. Tumeelewana."

Katekista akampokea jogoo, kwa sababu hajawahi kumkatalia mtu aliyewahi kuwa serikali. Alipoelewa baadaye maana ya jogoo, akampeleka kwa Skolastika, akasema ni wa supu kwa sababu alikuwa mjamzito. Skolastika akauliza ametoka wapi, akaambiwa, akamrudisha kwa Mwenyekiti wa zamani. Mwenyekiti wa zamani akamrudisha kwa Katekista. Yule jogoo alizunguka nyumba tatu muda mrefu mpaka akawa anajua njia, na mara nyingine tulimkuta anakwenda peke yake.

Kwa Ditrami haikuwa mzaha. Alikuwa na jambo moja tu alilowaahidi watu: kutengeneza daraja la magogo kwenye kijito, ili malori ya kahawa yafike mpaka kwetu, watu wasibebe magunia kichwani kupanda ule mlima. Akaitisha mkutano, wakaja wachache, na hao walikuja kumtazama. Akaitisha kazi ya daraja, wakaja ndugu zake na mlevi mmoja aliyedhani kuna msiba. Watu walisema, "Tutamtiije wakati hata Mungu hajaambiwa?" Watu wa chama kipya nao wakanuna, wakasema Katekista amenunuliwa kwa jogoo. Msimu wa kahawa ulikuwa unakaribia. Bila daraja hakuna lori, na bila kutajwa hakuna daraja.

Na wao wawili hawakuweza kuzungumza wakamaliza. Siku moja nilikuwa napalilia maharage shambani kwetu, nikawaona wanakutana kwenye kile kinjia chembamba cha mlimani. Ditrami alipomwona baba mkwe, akaruka pembeni ampishe, kama mila inavyotaka. Katekista alipomwona Mwenyekiti, akaruka upande wa pili ampishe, kama Mtume Paulo anavyotaka. Mashamba yetu ni ya ngolo, yale mashimo ya kuzuia maji yasibebe udongo, na mvua ilikuwa imenyesha. Wote wawili wakazama mpaka magotini, kila mmoja shimoni kwake, kinjia katikati kiko kitupu. Macho yao yalitazama chini. Palikuwa na mbuzi wetu amefungwa karibu.

"Mbuzi," Katekista akasema, "mwambie Mheshimiwa apite. Serikali haisubirishwi."

"Mbuzi," Ditrami akasema, "mwambie baba mimi siwezi kupita yeye akiwa kwenye tope."

"Mbuzi, mwambie nimewahi kukaa kwenye tope kubwa zaidi kwa ajili ya serikali."

"Mbuzi, mwulize baba, nimemkosea nini?"

Nilimwona Katekista anaifinyanga kofia kama tonge la ugali. Kisha akasema, "Mbuzi, mwambie hakuna kosa. Mwambie jina lake limejaa mdomoni mwangu, ila mlango ni mdogo."

Mbuzi alikuwa anakula maharage yetu, hakupeleka salamu yoyote. Mimi ningeweza kutoka na kusema, "Piteni wote pamoja," lakini nilikuwa nimejificha nyuma ya mgomba, na aibu yangu mnaijua. Mwisho mvua ilianza tena, kila mmoja akatoka kwa upande wake na kurudi alikotoka, kwa hiyo siku ile hakuna aliyefika alikokuwa anakwenda.

Skolastika ndiye aliyechoka kwanza. Kanisani, sala za viongozi zikianza, alisimama na tumbo lake kubwa na kutoka nje kama anayefuata kuku, na zikiisha alirudi. Halafu siku moja akaenda kwa baba yake. Mimi nilikuwa natwanga upande wa pili wa uzio, nikawa natwanga taratibu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Tumbo linaendeleaje?"

"Linaendelea mbele. Baba, kwa nini humtaji mume wangu?"

"Mkwe hatajwi."

"Na serikali?"

"Serikali hutajwa."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo maana silali."

"Sema 'Mwenyekiti' tu, basi. Inatosha."

"Na jina? Sala ikatembee hovyo? Itaishia kwa Mwenyekiti wa kitongoji cha jirani. Unataka wale wabarikiwe kwa jasho letu? Wale hata daraja wanalo!"

"Mwachie mama asome."

"Mama yako ni mkwe kuliko mimi."

"Basi mwalimu wa kwaya."

"Watasema nimeikimbia serikali."

"Nitasoma mimi!"

Katekista akacheka kidogo. "Haya. Soma. Mtaje mumeo hapa hapa, nikusikie."

Nikausimamisha mchi wangu. Skolastika hajawahi kumtaja mumewe jina toka aolewe. Kwetu mke naye hafanyi hivyo.

"Nitasema…" akaanza. "Nitasema 'Yule'."

"Vizuri sana. 'Tumwombee Yule.' Na Mungu atauliza, 'Yule yupi?'"

Nikawasikia wote wawili wanacheka, kisha nikamsikia Skolastika analia huku anacheka. Akasema, "Baba, watu hawaji kwenye daraja lake. Anakwenda kukata magogo peke yake. Akirudi jioni hali. Mtoto huyu atazaliwa kwenye nyumba ya mtu aliyechekwa."

"Basi azaliwe," baba yake akasema. "Azaliwe haraka, tumpe jina, nipate pa kumshikia baba yake."

Maneno hayo yakatoka. Nakiri hayakutokea mbali na uzio wetu. Kuanzia siku hiyo kitongoji kizima kikawa kinangoja tumbo la Skolastika. Wa chama kipya walimpelekea ndizi ajifungue mapema. Wa chama cha zamani walimwambia apumzike sana, asiharakishe. Kisimani wanawake hawakuulizana habari za nyumbani tena, waliulizana, "Serikali haijazaliwa?" Na mkunga wa zahanati alisema hajawahi kuona mimba inayoulizwa na wanaume wengi hivyo.

Mtoto akazaliwa Ijumaa, wa kiume, salama. Katekista alipoletewa habari hakuuliza uzito wala anafanana na nani. Aliuliza, "Jina?"

Mkewe, aliyetoka zahanati, alikuwa anajifuta machozi, na sisi majirani hatukujua kama ni ya furaha au ya kicheko. Akasema, "Binti yako amempa jina lako."

"Langu?"

"Lako. Lile la ubatizo. Amesema kama baba anataka pa kumshikia mkwe, basi ajishike mwenyewe."

Nadhani hapa niwaeleze vizuri. Mtoto akiwa na jina la babu yake, mtu akitaka kumwita Ditrami kwa heshima, itabidi aseme "Baba" halafu jina la Katekista. Na Katekista akitaka kumwombea Mwenyekiti, itabidi asimame mbele ya altare na kujitaja mwenyewe katikati ya viongozi wa nchi, tena amfanye mkwe wake kuwa baba yake. Skolastika alikuwa amefikiri hayo yote akiwa na uchungu wa kuzaa. Mimi sijui wengine hufikiri nini.

Jumapili ile hata wagonjwa walikuja. Mwenyekiti wa zamani alikaa mbele, mikono imekunjwa. Ditrami alikaa upande wa wanaume, amegeuza uso dirishani ili asimtazame baba mkwe. Katekista akaanza juu kabisa. Rais. Mkuu wa mkoa. Alishuka ngazi polepole kuliko siku zote, kama mtu anayeshuka na mtungi kichwani. Diwani. Mtendaji. Akasimama.

"Na Mwenyekiti wa kitongoji chetu," akasema. Jasho likamtoka. "Na Mwenyekiti wetu, Baba…"

Akalisema. Jina lake mwenyewe, ambalo wengi wetu tulikuwa hatujawahi kulisikia. Alilisema kama anayemeza ugali wa moto. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Ndiye nani huyo?" na mkewe akamjibu, "Ni Katekista, mjinga wewe!"

Basi kanisa likavunjika kwa kicheko. Mama mnene wa mbele yangu alitikisika mpaka benchi letu likasogea. Katekista akainua mkono.

"Msicheke serikali," akasema, na yeye mwenyewe mabega yanacheza. "Ee Bwana, utusikie."

"Ee Bwana, utusikie!" tukaitikia, na nawaambia, Mwenyekiti wa zamani naye aliitikia, ilimtoka tu.

Kesho yake asubuhi watu walijaa kwenye kijito na mapanga na shoka. Daraja lilikwisha kabla ya kahawa kukauka, na lori la kwanza lilipopita juu yake Katekista hakuvua kofia, akasema lile ni la mfanyabiashara tu. Jogoo aliliwa na Padre siku ya ubatizo, kwa sababu Padre hana chama. Aliyepata shida ni Ditrami. Hakuweza kumtaja baba mkwe, kwa hiyo hakuweza kumwita mtoto wake mwenyewe. Mtoto akilia usiku alisikika akisema, "Mzee, naomba unyamaze." Na alipoanza kutambaa na kwenda kwenye moto, baba yake alipiga kelele, "Mheshimiwa! Mheshimiwa!" mpaka majirani wakadhani mkuu wa wilaya amefika.

Haya, niandike la mwisho, mkono unauma.

Uchaguzi mwingine ulikuja, na Ditrami akashindwa. Si kwa ubaya. Watu walisema daraja tayari lipo, sasa wajaribu mtu mwingine. Kiti kikarudi kwa yule Mwenyekiti wa zamani. Katekista naye alikuwa amestaafu, macho yamefifia.

Juzi nilikwenda Kitai kungoja basi la Songea, nikamkuta amekaa kwenye benchi la mama muuza chai, anakwenda kuonyesha macho hospitali. Nikamwamkia. Akaijua sauti yangu, jambo lililonishangaza, maana sikumbuki kama niliwahi kuitumia mbele yake. Tukanywa chai. Nikakaa muda mrefu nikilitafuta swali langu, na alipoona nahangaika akasema, "Uliza, basi halijaja."

"Katekista," nikasema, "sasa umepumzika. Mkwe wako si kiongozi tena. Huna haja ya kumtaja."

"Nani alikuambia?"

Akaweka kikombe chini. Akanieleza kwamba jioni ya siku ile ya kushindwa, watu waliokuwa wakijaa uani kwa Ditrami hawakuonekana hata mmoja. Skolastika alikuja kwa baba yake, akasema mumewe amekaa gizani, hataki kuwasha taa, hataki kusema. Katekista akachukua fimbo yake, akaenda. Hakupiga hodi ya mkwe, ile ya kusimama mbali na kukohoa. Aliingia, akapapasa, akakaa kando yake kwenye mkeka uleule.

"Nikafikiri," akaniambia, "miaka yote nimekuwa nikiheshimu kiti. Sasa kiti kimeondoka, na mtu yupo hapa anapumua. Nitaheshimu nini?"

"Ukafanyaje?"

"Nikamwita. Jina lake."

Nilisahau aibu yangu, nikapiga kelele. "Ditrami? Ulisema Ditrami?"

"Si kwa kelele hivyo. Polepole."

"Na mila?"

"Mila ilikuwa imechoka siku ile, ilikwenda kulala mapema."

"Naye akasemaje?"

Mzee akatabasamu kuelekea barabarani, ambako basi lilikuwa limeanza kusikika.

"Akaitika," akasema. "Akaitika 'Naam, baba', kisha akasimama akawasha taa."

Basi likaja, nikamshika mkono kumpandisha. Kondakta alikuwa kijana mwenye haraka, akasema, "Mzee, twende, twende!" na Katekista akamwambia, "Shikamoo," kwa sababu ya kofia yake ya sare. Sijui mlivyo ninyi huko mliko. Kama kwenu kiongozi ni mkwe, au mkwe ni kiongozi, na mmepata njia ya kumwombea kwa jina bila kuzama kwenye shimo la maharage, naomba mniandikie. Andikeni kwa herufi kubwa kidogo, maana nami husoma polepole, na andikeni ya kweli, kwa sababu barua zikifika parokiani atakayenisomea zile ngumu ni Skolastika, naye hadanganyiki.